Kusoma mwendo wa barafu kwenye tope la ziwa

Swali: "Ninafundisha Jiografia sekondari, hapa Moshi. Tulipanda Mlima Kenya na wanafunzi, na mmoja wa wapagazi akatuonyesha kijiziwa chini ya vilele. Akasema watafiti huja pale na boti ya mpira kuchimba tope ili wajue barafu ya zamani ilikuwa inasogea vipi. Wanafunzi wakaniuliza tope linajuaje habari za barafu, nikakosa jibu. Kwa nini wasipime tu ile mistari ya mawe ambayo barafu imeiacha bondeni? Na je, kwenye Kilimanjaro yetu kazi hiyo inawezekana?"

Jibu:

Mwalimu, mpagazi wenu aliwaambia kweli. Ila wanafunzi wako wamegusa jambo ambalo hata baadhi yetu tulio kazini tunalisahau. Tope halijui barafu ilifika wapi. Linachojua ni barafu ilikuwa inasaga kiasi gani. Mkilishika hilo, mtaelewa njia yenyewe na pia mahali inapopotosha.

Barafuto, yaani ule mto wa barafu unaoteremka polepole kwa uzito wake wenyewe, hubeba mawe yaliyogandia tumboni mwake. Barafu tupu haina meno, kama vile karatasi ya msasa isiyo na chenga isivyoweza kulainisha ubao. Ni yale mawe yanayoburutwa juu ya mwamba ndiyo yanayousaga, na yenyewe yakisagika. Kinachotoka ni unga wa mwamba, wa kijivu, laini sana. Maji yanayoyeyuka hupita chini ya barafu na kuuzoa. Ndiyo maana kijito kinachotoka kwenye barafuto hai huwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele.

Kijito hicho kikiingia ziwani kasi yake inakufa. Mchanga unatua palepale mdomoni, lakini unga unaelea, unasambaa ziwa zima, kisha unashuka kidogo kidogo. Punje yenye upana wa sehemu mbili za elfu za milimita hushuka kama sentimita 30 kwa siku katika maji yaliyotulia. Ziwa likiwa na kina cha meta 20, punje hiyo itatumia zaidi ya miezi miwili kufika chini. Kwa hiyo sakafu ya ziwa hupokea mvua ya unga isiyokatika, mwaka baada ya mwaka, na tabaka jipya hulala juu ya la zamani bila kulifuta.

Sasa barafuto ile ipungue hadi ibaki kipande juu ya jabali. Unga unapungua, maji yanakuwa maangavu, mwanga unafika chini. Mwani na diatomu, yaani vimelea vidogo vya majini vyenye ganda kama kioo, wanaongezeka, kuvumwani inaota kwenye mawe, miteremko iliyokuwa mitupu inapata nyasi na lobelia. Tope linalojikusanya wakati huo ni la kahawia iliyokolea, jepesi, limejaa mabaki ya viumbe. Barafu ikirudi, kijivu kinarudi.

Ninatamani wanafunzi wako wangeona siku tunapofungua bomba. Tunalisukuma wima ndani ya tope, tukiwa juu ya boti mbili zilizofungwa pamoja kwa mbao na kutiwa nanga pande zote ili zisisogee hata kidogo. Tukifika maabara tunalipasua kwa urefu kama muwa, nusu inakwenda vipimoni na nusu inahifadhiwa. Kwa kitambo kidogo tope huwa na rangi yake halisi kabla hewa haijalibadilisha: mkanda mweusi kama kahawa, halafu ghafla mkanda wa kijivu kama saruji iliyokorogwa, unene wa kidole, halafu kahawia tena. Hapo wanajiolojia wengi hufanya kitu kinachowashangaza wageni. Wanachukua chembe ya lile tope na kuliuma kwa meno ya mbele. Udongo wa mfinyanzi unateleza kama siagi. Unga wa mwamba unachakarisha, kidogo tu, kama mchicha ambao haukuoshwa vizuri. Ulimi unatambua tofauti hiyo kabla ya mashine yoyote.

Baada ya ulimi ndipo vinakuja vipimo. Kile ninachokipenda kuliko vyote ni rahisi mno, nacho ni mzani na tanuri. Unakausha kipande cha tope kwa nyuzi 105 usiku kucha, unakipima, unakichoma kwa nyuzi 550 kwa saa kadhaa, unakipima tena. Kilichopotea ni mabaki ya viumbe, kimeondoka kama moshi. Kilichobaki ni madini. Tuseme ulianza na gramu 2 ukabaki na gramu 1.9: umepoteza asilimia 5 tu, hilo ni tope la enzi ya barafu kubwa. Ukibaki na gramu 1.4, asilimia 30 ilikuwa uhai, na barafu ilikuwa mbali au haikuwapo. Unafanya hivyo kila nusu sentimita kutoka juu hadi chini ya bomba, mamia ya vikombe vidogo, na mchoro unajitokeza wenyewe. Ziko pia mashine zinazopima usumaku wa tope na nyingine zinazomulika kwa eksirei na kuhesabu titani, chuma na kalsiamu milimita kwa milimita. Hizo zinaongeza ukali wa picha. Msingi ni uleule, madini dhidi ya uhai.

Nije kwenye mistari ya mawe. Inaitwa moreni, na umeuliza vizuri. Moreni ni ushahidi mzuri kwa sababu inasema mahali: barafu ilisimama hapa. Tatizo lake ni kwamba barafuto ni kama tingatinga. Ikisonga mbele inazoa moreni zote ndogo ilizoziacha nyuma na kuzifanya rundo moja. Ikiwa barafu ilikua mara tano na mara ya tano ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, bondeni utaona tuta moja tu, na zile nne zimefutika. Ziwa lililo chini ya tuta lile lilizipokea zote tano. Kwa hiyo moreni inatupa umbali lakini inarukaruka miaka, ziwa linatupa mfululizo lakini halina rula. Mtafiti anayetumia kimojawapo peke yake anajinyima nusu ya habari.

Njia hii ilikomazwa kaskazini mwa dunia. Wibjörn Karlén, Msweden, aliitumia katika miaka ya 1970 kwenye maziwa ya milima ya kaskazini mwa Sweden, na Wanorwei wakaiendeleza sana. Sweden hiyohiyo ndiko Gerard De Geer, mwishoni mwa karne ya 19, alipoanza kuhesabu matabaka ya tope yanayojipanga kwa jozi, moja la kiangazi na moja la majira ya baridi, jozi moja kwa kila mwaka, kama pete za mti. Kwa kuhesabu jozi hizo alifuatilia jinsi barafu kuu ya zama za barafu ilivyorudi nyuma kuelekea kaskazini.

Sisi wa ikweta hatuna bahati ya jozi hizo. Kwenye Mlima Kenya kiangazi huja kila mchana na baridi huja kila usiku. Barafu inayeyuka mwaka mzima, hakuna msimu mrefu wa ziwa kuganda ukaweka mstari. Hivyo hatuwezi kuhesabu, inabidi tupime umri, na hapo ndipo fedha na subira hutumika. Kwa tope la juu, la miaka 150 hivi iliyopita, tunatumia risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila miaka 22 na ushei. Huko Ulaya wanasaidiwa pia na sesiamu-137 iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo ilianguka kwa wingi zaidi mwaka 1963, lakini huku kwetu ilianguka kidogo na alama yake mara nyingi ni hafifu. Kwa tope la chini zaidi tunategemea radiokaboni, yaani kaboni yenye mionzi, ambayo nusu yake huisha kwa miaka 5,730. Inahitaji kitu kilichokuwa hai: jani, kijiti, mbegu, kuvumwani. Juu ya meta 4,000 vitu hivyo ni haba. Nimewahi kuchekecha tope la kijivu la sentimita nyingi nikapata kipande kimoja cha jani kisichozidi ukucha wa mtoto, na kikawa ndicho tegemeo la umri wa karne kadhaa.

Karlén huyohuyo na wenzake walikuja Mlima Kenya na kuchimba tope la Hausberg Tarn, ziwa dogo upande wa magharibi, chini ya barafuto za Cesar na Joseph. Walichapisha matokeo mwaka 1999. Tope lile lilionyesha kwamba katika miaka 6,000 iliyopita barafu ya Mlima Kenya haikuwa inapungua tu taratibu kutoka zama za barafu hadi leo, kama wengi walivyodhani. Ilikua na kusinyaa, mara kadhaa, na kukua kwa karibuni zaidi kulitokea karne chache tu zilizopita. Hakuna tuta la mawe lingeweza kutuambia hivyo.

Rwenzori imetupa habari ya ndani zaidi. Mwaka 1962 Daniel Livingstone, Mmarekani aliyebuni aina ya bomba la kuchimbia tope ambalo bado tunalitumia, alichapisha umri wa tope la chini kabisa la Ziwa Mahoma, lililo karibu meta 3,000 upande wa Uganda, limezungukwa na moreni kubwa. Radiokaboni ilitoa kama miaka 14,700, ambayo ikirekebishwa kuwa miaka ya kalenda inakaribia 18,000. Angalia maana yake, kwa sababu wanafunzi hukosea hapa. Ziwa haliwezi kukusanya tope la kahawia huku barafu imelala juu yake. Kwa hiyo umri wa tope la kwanza ni umri wa chini: barafu iliondoka wakati huo au kabla, si baadaye. Na kweli, baadaye sana, watafiti walipopima moja kwa moja mawe makubwa yaliyo juu ya moreni za eneo lile kwa kutumia beriliamu-10, inayojijenga ndani ya jiwe lililo wazi angani, walipata kwamba barafu ilianza kurudi nyuma karibu miaka 20,000 iliyopita. Majibu mawili hayo hayagombani. Ziwa lilichelewa kuanza kuandika, basi.

Kazi inayonigusa zaidi ni ya mwaka 2009, ya James Russell na wenzake, kwenye maziwa madogo ya Rwenzori, juu kabisa. Hawakutafuta maelfu ya miaka. Walitaka karne chache za mwisho. Walilinganisha maziwa yanayopokea maji ya barafu na mengine yasiyoyapokea, wakaona kwamba kurudi nyuma kwa barafu kulianza karibu mwaka 1870. Fikiria hilo. Ramani na picha za kwanza nzuri za barafu ya Rwenzori zilipatikana mwaka 1906, msafara wa Mtawala wa Abruzzi, mwanamfalme wa Italia, ulipopanda, Vittorio Sella akiwa na kamera. Wakati huo barafu ilikuwa na eneo la kilometa za mraba 6.5 hivi. Mwaka 2003 ilibaki chini ya kilometa moja ya mraba. Bila tope tungedhani kurudi nyuma huko kulianza mwaka tulioanza kupiga picha. Kumbe Sella alipofika, barafu ilikuwa inakimbia tayari kwa zaidi ya miaka 30. Mwishoni mwa karne ile ya 19 maziwa mengi ya Afrika Mashariki nayo yalipungua maji, ndiyo maana wapo wanaosema ukame ndio ulioisukuma barafu kwanza, na joto likaja kuimalizia. Mjadala huo haujafungwa, nami ninaona hoja ya ukame mwanzoni ina nguvu, bila kupunguza uzito wa joto la sasa hata chembe.

Hilo la kulinganisha maziwa mawili nalitilia mkazo, maana ndilo linalotofautisha kazi nzuri na ya kubahatisha. Kijivu hakitoki kwenye barafu peke yake. Mvua kubwa ikiporomosha mteremko, utapata mkanda wa kijivu. Tetemeko likitikisa, vivyo hivyo, na Rwenzori inatikisika. Ziwa jirani lisilo na barafuto juu yake litapokea mvua ileile na tetemeko lilelile. Mkanda ukionekana katika maziwa yote mawili, si wa barafu. Ukionekana kwenye lile la barafu tu, una jambo mkononi. Upo mtego mwingine mbaya zaidi. Barafuto inaporudi nyuma haraka huacha nyuma yake kifusi kilicho wazi, na maji mengi ya kuyeyuka hukizoa. Kwa miaka mingi ziwa linaweza kupokea unga mwingi kuliko kawaida wakati barafu inakufa. Anayesoma "kijivu ni barafu kubwa" kama kanuni ya hesabu atageuza mambo juu chini. Na barafu ikirudi nyuma vya kutosha, mara nyingi ziwa jipya linazaliwa juu ya lile la zamani na kuudaka unga wote. Ziwa la chini linakuwa safi ghafla, ingawa barafu haijapotea.

Hilo la ziwa jipya mngeweza kuliona kwa macho mlipokuwa karibu na kilele cha Point Lenana. Pale chini ya barafuto ya Lewis kuna Lewis Tarn, maji yaliyojikusanya mahali ambapo barafu yenyewe ilikuwa imelala. Lewis ndiyo barafuto iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko zote za Afrika. Kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza kama asilimia 90 ya ujazo wake.

Sasa Kilimanjaro. Jibu fupi ni kwamba haiwezekani kwa namna hii, na inaniuma kulisema. Kilimanjaro imejengwa kwa lava na majivu yenye matundu mengi, na mvua inazama badala ya kutuama. Juu hakuna maziwa ya kueleweka. Kipo kidimbwi cha Mawenzi Tarn, lakini kiko upande wa Mawenzi, mbali na barafu ya Kibo, kwa hiyo unga wa Kibo haukifikii. Ziwa Chala, pale mpakani chini ya mlima, lina tope la ajabu, na mwaka 2016 lilichimbwa zaidi ya meta 200 kwenda chini ya sakafu yake. Limetueleza mengi kuhusu mvua na ukame wa zamani. Lakini maji yake huingia kwa chini ya ardhi, yakiwa yamechujwa na mlima mzima. Unga wa barafu hauwezi kupita humo. Kwa hiyo kwa Kilimanjaro watafiti waliigeukia barafu yenyewe. Lonnie Thompson na timu yake waliitoboa mwaka 2000 na kukadiria kwamba ya chini kabisa ina miaka kama 11,700, makadirio ambayo wengine wanayapinga. Barafu hiyo ilikuwa na kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912, na mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Mlima Kenya na Rwenzori zikiisha barafu, daftari lake litabaki ziwani. Kibo ikiisha, barafu inaondoka na daftari lake, isipokuwa vile vipande vilivyokwisha hifadhiwa kwenye majokofu ya maabara.

Kwa darasani, fanyeni hivi. Chukueni chupa mbili za maji za lita moja na nusu, zinazoonyesha ndani. Ya kwanza tieni konzi ya mchanga wa mtoni. Ya pili tieni vumbi la kokoto, lile jeupe linalobaki chini ya mashine ya kusagia mawe ya ujenzi, mkilichekecha kwanza kwa kitambaa. Jazeni maji, funikeni, tikiseni zote kwa pamoja, kisha ziwekeni mezani. Mchanga utakuwa chini kabla hamjamaliza kuhesabu hadi ishirini. Chupa ya pili waambieni wanafunzi wachore mstari kwa kalamu mahali maji yanapoanza kuwa maangavu, saa ya kutoka, na asubuhi, na asubuhi inayofuata. Siku ya tatu ongezeni taratibu, bila kutikisa, kijiko cha udongo mweusi wa bustani uliokorogwa kwenye maji. Siku ya nne ongezeni tena vumbi la kokoto. Wiki ikiisha kutakuwa na mikanda mitatu chini ya chupa, na mwanafunzi ambaye hakuwapo darasani siku zile ataweza kuwaambia mlianza na nini.